Kabla ya Kumpeleka Mwanao Kwenye Uanagenzi Ujerumani

Mwishoni mwa mwaka 2024 dada yangu alinipigia simu baada ya Isha. Hakusalimu kama kawaida yake. Aliniuliza tu, "Ati Ujerumani wanalipa mwanafunzi elfu mia mbili kwa mwezi, ni kweli?"

Binti yake, mpwa wangu, alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka mmoja nyuma. Alama zake si mbaya, lakini safari ya chuo ilikuwa imekwama kwa sababu ya karo. Ajenti mmoja alikuwa amemwahidi nafasi ya "kusoma huku unalipwa" kwa Sh350,000. Dada alikuwa ameshatoa arubuni ya Sh80,000, na bangili zake mbili za dhahabu zilikuwa kwa sonara zikipimwa.

Nilimwambia azichukue bangili kwanza, halafu tuzungumze. Mimi si ajenti wala si wakili. Lakini tangu usiku ule nimesoma, nimeuliza, na nimeandamana na mpwa wangu hatua kwa hatua hadi akapanda ndege. Makala haya ni yale ambayo ningependa kuwa nayo mkononi usiku ule. Wazazi wengi wa Pwani wananiuliza maswali yale yale, kwa hivyo nimeona niyaweke mahali pamoja.

Mpango wenyewe ni upi

Wajerumani wanauita Ausbildung. Kwa Kiswahili chetu ni uanagenzi, ila huu una mkataba, una shule na una mtihani wa serikali. Kijana huajiriwa na kampuni, hoteli, gereji au hospitali. Siku kadhaa za wiki hufanya kazi chini ya mkufunzi, na siku moja au mbili huenda shule ya ufundi. Mahali pengine masomo huja kwa mkupuo: wiki kadhaa shuleni, wiki kadhaa kazini. Mafunzo huchukua kati ya miaka miwili na mitatu na nusu kulingana na kazi. Kuna kazi zaidi ya 300 zinazotambuliwa kwa njia hii, kuanzia uokaji mikate na ufundi umeme hadi upishi na uuguzi.

Uuguzi ndio unaotajwa sana huku kwetu. Huchukua miaka mitatu. Mwanagenzi hupitia saa 2,100 za darasani na saa 2,500 za kazi katika hospitali, nyumba za wazee na huduma za kutembelea wagonjwa majumbani. Mwisho wake ni mtihani wa serikali. Anayefaulu ni muuguzi kamili kwa sheria za Ujerumani. Baada ya miaka miwili ya kufanya kazi aliyosomea, anaweza kuomba kibali cha kudumu cha kukaa, akiwa ametimiza masharti mengine.

Hii ni njia tofauti na chuo kikuu. Ni tofauti pia na kazi za Ghuba ambazo sisi watu wa Pwani tumezizoea. Anayekwenda kwa Ausbildung anakwenda kama mwanafunzi mwenye mwajiri. Akiacha kusoma, kibali chake cha kukaa kinaingia hatarini. Akifukuzwa kazi, vivyo hivyo.

Zile nafasi 250,000

Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa uhamaji wa wafanyakazi mjini Berlin, mbele ya Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz. Siku hiyo hiyo habari ilienea kwamba Ujerumani imetoa nafasi 250,000 kwa Wakenya. Serikali ya Ujerumani ilikanusha haraka na kusema mkataba hauna idadi yoyote ndani yake.

Kanusho hilo halikufika mitaani kwetu. Ile 250,000 ndiyo iliyobaki. Ajenti wa dada yangu aliitumia kama kigezo: nafasi ni nyingi, zinagawanywa, lipa mapema kabla hazijaisha. Ukweli ni kwamba hakuna ofisi inayogawa nafasi. Kila nafasi iko kwa mwajiri mmoja, na mwajiri huyo anamchagua kijana mmoja baada ya kusoma wasifu wake na kumhoji kwa Kijerumani. Mkataba wa Berlin uliahidi ushirikiano na kurahisisha taratibu. Haukuondoa sharti la lugha, la viza wala la cheti.

Nani humlipa nani

Hili ndilo swali la kwanza la kumuuliza mtu yeyote anayekuja na habari za Ujerumani. Katika uanagenzi wa kuajiriwa, mwajiri ndiye anayemlipa kijana. Shule ya ufundi ya serikali haina karo. Kwa hiyo anayekuuzia "nafasi" anakuuzia kitu ambacho hakiuzwi.

Gharama za kweli zipo, na ni vyema uzijue kwa majina: masomo ya lugha, ada ya mtihani wa lugha, pasipoti, hati ya tabia njema, tafsiri ya vyeti kwenda Kijerumani, ada ya viza ambayo ni Yuro 75, tiketi ya ndege na pesa za kujikimu hadi mshahara wa kwanza. Kila moja ya hizi ina risiti yake. Mtu akikuambia utoe kiasi kimoja kikubwa kwa "kila kitu", muombe akiandike kipengele kwa kipengele. Ajenti wa dada yangu alipoombwa hivyo, aliacha kupokea simu. Zile Sh80,000 hazijarudi hadi leo.

Si kila wakala ni mwizi. Wapo wanaolipwa na waajiri wa Ujerumani na kazi yao ni ya haki. Wakala anayepeleka watu kazini ng'ambo anatakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, na orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye mtandao wa mamlaka hiyo. Tafuta jina la kampuni humo wewe mwenyewe. Picha ya leseni kwenye simu ya ajenti haitoshi.

Wala usifikiri kwamba kupitia ofisi ya serikali ni kinga tosha. Mwaka 2023 wazazi waliandamana Eldoret. Walikuwa wamelipa pesa nyingi kupitia mpango wa Kaunti ya Uasin Gishu wa kupeleka vijana kusoma Finland na Canada, na wengi wa vijana hao hawakusafiri. Baadhi ya waliokuwa wameshafika Finland walijikuta katika hatari ya kurudishwa kwa sababu ya karo. Jambo lilifika hadi Seneti. Somo ninalolichukua mimi ni hili: pesa za mwanao zisipite mkono ambao huwezi kuudai risiti, hata kama mkono huo una muhuri.

Lugha: kazi ya miezi, si ya wiki

Pwani tunajidanganya kidogo kuhusu Kijerumani. Watalii wa Kijerumani wamekuwa wakija Diani na Bamburi kwa miongo mingi, na ukienda ufuoni utamkuta muuza vinyago anayepiga bei kwa Kijerumani bila kukwama. Kwa hivyo wengi husema lugha si tatizo. Lakini Kijerumani cha ufuoni hakiandiki barua, wala hakisomi maelezo ya dawa.

Kiwango kinachohitajika kwa kawaida ni B1. Kwa uuguzi waajiri wengi wanataka B2 au wanamchukua kijana mwenye B1 kwa sharti aendelee hadi B2. Kutoka sifuri hadi B1, taasisi ya Goethe inakadiria kati ya vipindi 350 na 650 vya dakika 45. Ukisoma vipindi vinne kila siku, siku tano kwa wiki, hiyo ni miezi kati ya minne na saba na ushei, bila ya kuugua, bila ya harusi na bila ya likizo. Mtu anayekuahidi B1 kwa wiki nane anakuuzia karatasi. Karatasi hiyo ikifika mbele ya mwajiri anayekuhoji kwa video, inaisha thamani kwa dakika tano.

Mtihani wa B1 wa Goethe una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Kila sehemu unahitaji alama 60 kati ya 100. Kuna faida moja ambayo wanafunzi wengi hawaijui: ukianguka sehemu moja, unaweza kurudia hiyo moja peke yake. Mpwa wangu alipasi tatu akaanguka kuandika. Alilia siku nzima. Mama yake akaanza tena kuulizia ajenti. Kumbe kosa lilikuwa dogo: kwa saa moja unatakiwa uandike barua ya kirafiki, maoni yako kuhusu jambo fulani, na barua fupi rasmi. Yeye alikuwa ameandika barua rasmi kwa lugha ya kirafiki. Kijerumani kina "wewe" mbili, moja ya rafiki na moja ya heshima, na kuzichanganya ni kama kumwita mzee "wee" mbele ya watu. Alifanya mazoezi ya barua moja kila siku kwa wiki sita, akarudia, akapasi.

Ushauri wangu kwa anayeanza: uliza mapema ni vyeti vya nani vinavyokubaliwa na ubalozi. Goethe, telc na ÖSD ni miongoni mwa vinavyotambuliwa. Cheti cha ndani cha shule ya lugha, hata kiwe na rangi nzuri namna gani, si mtihani.

Kutafuta nafasi na kuandaa karatasi

Wajerumani wana tovuti rasmi ya serikali inayoitwa Make it in Germany, na shirika lao la ajira, Bundesagentur für Arbeit, lina ukurasa wa nafasi za uanagenzi. Zote ni bure. Mafunzo mengi huanza Agosti au Septemba, na uuguzi huanza pia Aprili na Oktoba. Waajiri huanza kuchagua miezi mingi kabla.

Kijana huandaa wasifu wa ukurasa mmoja au miwili, barua ya kueleza kwa nini anataka kazi hiyo, na vyeti vilivyotafsiriwa. Cheti cha KCSE hulinganishwa na vyeti vya shule vya Ujerumani, na mamlaka ya jimbo ndiyo inayoamua. Majina yalingane kwenye kila karatasi. Hapa Pwani tuna tatizo hili sana: cheti cha kuzaliwa kina jina la baba na babu, cheti cha shule kina mawili tu, pasipoti ina "Mohamed" na kitambulisho kina "Muhammad". Rekebisheni kabla ya kutuma chochote. Kwetu sisi marekebisho hayo peke yake yalikula miezi miwili.

Katika mahojiano, swali litakalokuja ni "kwa nini kazi hii?" Jibu la "nataka kusaidia familia yangu" ni la kweli, lakini mwajiri anataka kujua kama kijana anaijua kazi. Mpwa wangu alikaa wiki tatu akijitolea katika zahanati moja ya mtaani kwetu, akipima shinikizo la damu na kubadilisha mashuka. Alipoulizwa, alieleza alichokiona. Naamini wiki zile tatu zilimsaidia kuliko cheti chochote.

Kuna kazi ambazo kijana wetu asiombe kwa sababu tu nafasi zipo. Mwanagenzi wa uuguzi huwaosha wagonjwa, wa kike na wa kiume, na hushughulika na kinyesi, na maiti pia. Asiyeweza asiende akitumaini kwamba atazoea.

Mkataba: asome mwenyewe

Nilimwambia mpwa wangu kwamba hatasafiri hadi atakapoketi nasi sebuleni na kutueleza mkataba wake mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, kwa Kiswahili. Mtoto asiyeweza kufanya hivyo bado hajawa tayari, hata viza ikiwa mkononi.

Mkataba unatakiwa kutaja jina la kazi anayofunzwa, tarehe ya kuanza na kumaliza, saa za kazi, malipo ya kila mwaka wa mafunzo, siku za likizo na kipindi cha majaribio. Katika kampuni, kipindi hicho hakizidi miezi minne. Katika uuguzi ni miezi sita. Ndani ya kipindi hicho upande wowote unaweza kuvunja mkataba bila ya maelezo marefu, kwa hiyo miezi hiyo ni ya kufika kabla ya saa na kuuliza kila usichokielewa.

Malipo yana kiwango cha chini kwa sheria. Kwa walioanza mwaka 2025 kilikuwa Yuro 682 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza. Hospitali za umma hulipa wanagenzi wa uuguzi zaidi ya mara mbili ya hapo. Iwapo malipo yako chini ya kiasi ambacho ubalozi unakitaka kwa kujikimu, kijana atalazimika kuonyesha pesa za kujazia, mara nyingi kwenye akaunti maalumu inayotoa kiasi fulani kila mwezi.

Jihadhari na vipengele vya kumfunga kijana. Sheria ya Ujerumani ya mafunzo ya kazi inabatilisha kipengele kinachomtaka mwanagenzi alipie mafunzo yake au alipe faini kwa mwajiri. Ukikutana na karatasi ya pembeni, nje ya mkataba, inayosema kijana atadaiwa maelfu ya Yuro akiondoka, usitie sahihi kabla ya kupata mtu wa kukushauri.

Kikao cha familia

Hapa ndipo panapovunja vijana wengi, na hakuna ajenti anayepataja.

Tuchukue Yuro 1,400 kwa mwezi, ambazo ni kama malipo ya mwaka wa kwanza wa uuguzi katika hospitali ya umma. Kwa Sh150 kwa Yuro, ni Sh210,000. Ndiyo ile "elfu mia mbili" aliyoisikia dada yangu. Lakini bima ya afya, pensheni na makato mengine ya lazima hula karibu asilimia 20. Zinabaki Yuro 1,120. Chumba Yuro 420. Chakula 230. Tiketi ya mwezi ya mabasi na treni za kawaida ilikuwa 58 mwaka 2025, ikapanda hadi 63 mwaka 2026. Ada ya redio na televisheni, ambayo kila nyumba hulipa hata kama haina televisheni, Yuro 18 na senti. Simu 15. Nguo, viatu vya baridi, vitabu na dawa, weka 80. Kilichobaki hakifiki Yuro 300, yaani kama Sh44,000. Humo kuna akiba ya tiketi ya kurudi nyumbani siku mzazi akiugua.

Sasa fikiria simu zinazoingia. Kodi ya mama. Karo ya mdogo wake. Mchango wa harusi ya binamu. Matanga. Paa la msikiti. Kila mmoja anaamini kwamba aliye Ulaya ana pesa. Kijana anaona haya kusema hapana, anatafuta kazi ya usiku. Sheria inamruhusu kufanya kazi nyingine hadi saa 20 kwa wiki, lakini anayetoka zamu ya hospitali, akaingia jikoni mwa mkahawa hadi usiku wa manane, kesho yake analala darasani. Anaanguka mtihani, anapoteza nafasi, na kibali kinafuata. Familia iliyomla polepole ndiyo itakayouliza kwa nini amerudi.

Kwa hiyo sisi tuliitana. Dada, shemeji, ami zake wawili, nyanya na mimi. Tulisoma Fatiha, tukaweka hesabu hiyo mezani, tukaandika. Miezi sita ya majaribio hatatuma kitu. Baada ya hapo atatuma kiasi kimoja kwa mwezi, kwa mama yake tu, na yeyote mwenye shida aende kwa mama. Ami mmoja alinung'unika kwamba tunamfundisha mtoto uchoyo. Nyanya ndiye aliyemjibu: "Mche huuchumi kabla haujashika mizizi." Kikao kikaisha.

Kama familia imekopa ili kijana asafiri, deni hilo litajwe kwenye kikao hicho hicho, kiasi chake na nani atalilipa. Deni lililofichwa humfuata mtoto hadi Ujerumani.

Dini, mavazi na chakula

Maswali haya wazazi wetu huyauliza kwa sauti ya chini, lakini yana majibu.

Hijabu inavaliwa katika hospitali nyingi. Lakini hospitali na nyumba nyingi za wazee Ujerumani zinaendeshwa na mashirika ya makanisa, na baadhi ya waajiri wa kanisa wamewahi kukataza hijabu kazini na mahakama ikawaunga mkono. Uliza kabla ya kutia sahihi, kwa maandishi. Fahamu pia kwamba kanuni za usafi humtaka mhudumu awe na mikono wazi hadi kiwiko anapomhudumia mgonjwa, bila bangili wala pete. Msichana ambaye hilo ni zito kwake aamue akiwa bado huku.

Anayechukua upishi au hoteli atagusa nguruwe na pombe. Huwezi kumwambia mwajiri wako wa upishi kwamba utapika nusu ya orodha ya vyakula. Chagua kazi nyingine kama hilo lina uzito kwako.

Sala inahitaji mpango. Mwezi wa Disemba jua hutua mnamo saa kumi na robo jioni, kwa hiyo Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote zinaweza kuangukia zamu moja. Mwezi wa Juni Isha huchelewa mno. Mpwa wangu alizungumza na mkufunzi wake wiki ya kwanza, wakakubaliana atumie mapumziko yake. Miji mingi ina misikiti, mingi ikiwa ya Waturuki, na huko ndiko pia atakakoambiwa duka la nyama ya halali liko wapi.

Wiki mbili za kwanza

Akifika, ndani ya wiki mbili ajisajili makazi yake katika ofisi ya mji. Bila usajili huo mambo mengine husimama, ikiwemo nambari ya kodi. Fomu ina sehemu inayouliza dini. Sababu yake ni kodi ya kanisa, ambayo makanisa hutozwa waumini wake kupitia serikali. Muislamu hana kodi hiyo, lakini asijaze jina la dhehebu kwa kubahatisha. Kisha afungue akaunti ya benki, ahakikishe bima ya afya imeanza, na aombe miadi ya kibali cha kukaa mapema, kwa sababu viza ya kuingilia ina tarehe ya mwisho na miadi huchelewa.

Na mambo yakienda kombo? Mkataba ukivunjika kwa sababu isiyo ya kosa la kijana, sheria inampa hadi miezi sita kutafuta nafasi nyingine. Lakini ni lazima aende ofisi ya wageni na aeleze. Kunyamaza na kujificha kwa rafiki ndiko kunakoharibu kesi. Nyumbani tumwambie wazi, kabla hajaondoka, kwamba akipata tatizo atuambie, na kwamba akirudi mlango uko wazi. Asiyeamini hilo ndiye anayejificha.

Hesabu ya muda

Kwetu sisi, kutoka somo la kwanza la Kijerumani hadi uwanja wa ndege ilikuwa miezi kumi na tano, tukiwemo na lile anguko la kuandika. Anayetaka kuanza Septemba fulani aanze lugha mwanzoni mwa mwaka unaotangulia. Aingie kwenye maombi akiwa karibu na B1. Aache miezi mitatu au zaidi kwa viza. Anayeambiwa ataondoka mwezi ujao aulize ataondoka na mkataba wa nani.

Mpwa wangu yuko mji mdogo wa kusini, ambako watu husalimiana kwa maneno yenye jina la Mungu ndani yake, na anasema hilo lilimpa moyo siku ya kwanza. Bado yuko kwenye majaribio. Ana wazee wanne anaowahudumia asubuhi, na mmoja kati yao humsahihisha matamshi. Hajatuma kitu nyumbani. Wiki iliyopita ami yake yule aliniuliza tena, akacheka kabla sijajibu. Bangili za dada bado ziko mkononi mwake.